Dawa Inayosubiri Joto: Tuvifahamu Vibebeo vya Dawa Tunavyovitumia Kyela

Katika ziara zetu za sharika za mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa tumekutana na swali moja ambalo linarudi kila mara. Katika kikao cha kamati ya afya ya usharika mmoja, mama mmoja mzee wa kanisa alifungua boksi la dawa za watoto zilizonunuliwa kwa mchango wa waumini na kutuonyesha. Vidonge laini vilivyokuwa ndani vilikuwa vimeshikamana kama pipi iliyosahaulika mfukoni, ingawa tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado mbali. Akauliza: "Dawa hii imeharibika au haijaharibika? Na kama imeharibika, kosa ni la nani?"

Swali hilo ni zuri, na linastahili jibu refu kuliko lile tulilolitoa siku ile. Katika makala hii tunajaribu kueleza jambo ambalo wengi wetu tunaliona kila siku bila kulijua jina lake: vibebeo vya dawa vinavyosikia joto. Tunaeleza vinavyofanya kazi, faida yake, mipaka yake, na mambo ambayo kamati zetu na wafadhili wetu wanaweza kuyafanya ili fedha zinazotolewa kwa moyo zisiyeyuke njiani.

Kibebeo cha dawa ni nini?

Dawa yenyewe, yaani kile kinachoua kimelea au kushusha homa, mara nyingi ni kidogo sana. Ni miligramu chache tu za unga. Haiwezi kutolewa mkononi peke yake. Inahitaji kitu cha kuibeba, kuilinda na kuifikisha mahali pake. Kitu hicho ndicho tunachokiita kibebeo. Kinaweza kuwa mafuta, wanga, jelatini au plastiki.

Vibebeo vingi vya siku hizi vimetengenezwa kwa polima. Polima ni molekuli ndefu sana iliyofanywa kwa vipande vidogo vilivyoungana mfululizo, mfano wa shanga nyingi zilizotungwa kwenye uzi mmoja. Plastiki ya ndoo ni polima. Nailoni ni polima. Wanga wa ugali wetu na jelatini itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama ni polima pia, ila hizi zimetoka kwa Muumba na si kiwandani.

Kila mpishi wa Kyela anajua kuwa polima husikia joto. Uji ukiwa jikoni unatiririka, ukipoa unaganda. Supu ya kongoro ikilala usiku huko Tukuyu kwenye baridi asubuhi unaikuta imeshika kama jeli, lakini ukiiweka motoni inarudi kuwa maji. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni joto tu. Wataalamu wa dawa wamelitazama jambo hilo na kujiuliza: Je, tunaweza kutengeneza kibebeo kinachokaa kimefungwa kabatini, lakini kikikutana na joto la mwili wa binadamu, yaani nyuzijoto 37, kifunguke chenyewe na kuachia dawa? Jibu ni ndiyo, na kibebeo cha kwanza kilichopata umaarufu kwa kazi hiyo kinatoka katika zao tunalolilima wenyewe.

Siagi ya kakao: somo kutoka mashambani kwetu

Wilaya ya Kyela inajulikana nchini kwa mchele wake na kwa kakao yake. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka Kyela na maeneo jirani ya Busokelo na Rungwe. Mbegu ya kakao ikikaushwa na kukamuliwa hutoa mafuta ambayo viwandani huitwa siagi ya kakao. Siagi hiyo si polima, ni mafuta, lakini tabia yake ndiyo iliyowafundisha wafamasia kazi hii: huwa ngumu katika hali ya kawaida ya chumba chenye ubaridi, na huyeyuka ikifika karibu nyuzijoto 34. Ndiyo sababu chokoleti huyeyuka mdomoni.

Tangu karne ya 19 wafamasia wa Ulaya na Marekani waliichanganya dawa na siagi ya kakao, wakaimimina katika kalibu ndogo na kuifanya umbo la risasi. Dawa hiyo huwekwa katika njia ya haja kubwa. Ikiwa ndani ya mwili, nyuzijoto 37 huiyeyusha na dawa hupenya kuingia kwenye damu kupitia ukuta wa utumbo. Mgonjwa anayetapika, mtoto asiyeweza kumeza, au mtu aliyepoteza fahamu anaweza kupata dawa bila sindano.

Lakini hapa ndipo tunapokutana na ugumu wetu. Kibebeo kilichotengenezwa ili kiyeyuke kwenye nyuzijoto 34 kinafaa London wakati wa baridi. Kyela iko bondeni, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya joto stoo yenye paa la bati lisilo na dari hupita kiwango hicho kabla ya saa nane mchana. Dawa hiyo ingeyeyuka ndani ya boksi. Tena siagi ya kakao ina tabia nyingine isiyojulikana na wengi: ikiyeyuka kupita kiasi na kuganda upya, huganda kwa mpangilio tofauti ambao huyeyuka kwa joto la chini zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo dawa iliyoyeyuka na "kurudishwa" kwenye friji huonekana nzima, kumbe si ile ile.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa dawa kwa nchi za joto walitafuta vibebeo vingine, vikiwemo mafuta magumu zaidi na jelatini.

Jelatini na mtoto mwenye degedege

Hapa tunalifikia boksi la yule mama. Vidonge alivyotuonyesha ni vya artesuneti, dawa ya malaria kali, vilivyowekwa katika ganda laini la jelatini. Ganda hilo halikungojei joto peke yake. Linangojea joto pamoja na unyevu. Likiwekwa katika njia ya haja kubwa ya mtoto hulainika, hupasuka na kuiachia dawa iliyo ndani.

Umuhimu wake ni huu. Mtoto aliyepata malaria kali anaweza kuanza degedege, kutapika kila anachopewa, au kulala usingizi usioamshika. Dawa mseto ya vidonge haimfai kwa saa hiyo kwa kuwa hawezi kumeza. Anahitaji sindano ya artesuneti, nayo inapatikana kituo cha afya au hospitali. Kwa mtoto wa Kyela mjini safari hiyo ni fupi. Kwa mtoto wa Ikombe na vijiji vilivyo chini ya milima ya Livingstone, njia ni kwa miguu kandokando ya ziwa au kwa mtumbwi hadi Matema, na ziwa likichafuka hakuna mwenye busara atakayeingia majini. Vilevile wakati wa masika mito ya Lufilyo, Mbaka na Kiwira ikifurika, hata vijiji vya bondeni vyenye barabara hukaa kama visiwa.

Kidonge hiki kimekusudiwa kwa saa hizo za kungoja. Utafiti mkubwa uliofanyika Tanzania, Ghana na Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2009 ulihusisha wagonjwa zaidi ya 17,000 waliodhaniwa kuwa na malaria kali. Miongoni mwa wagonjwa ambao baada ya saa 6 walikuwa bado hawajafika kituo cha matibabu, waliopewa artesuneti kwa njia hii walikufa au kupata ulemavu wa kudumu kwa asilimia 1.9, wakati waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 3.8. Hiyo ni nusu. Kwa mtoto aliye kwenye mtumbwi, nusu hiyo ni tofauti kati ya kurudi nyumbani na kutorudi.

Je, kidonge pekee kinatosha?

Tungependa kuishia hapo na kuwaomba wafadhili wanunue maboksi mengi zaidi. Lakini ni wajibu wetu kueleza na upande wa pili.

Kuanzia mwaka 2018 mradi mmoja mkubwa ulisambaza vidonge hivi kwa wahudumu wa afya wa vijijini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria na Uganda, na watafiti wakafuatilia kilichotokea. Matumaini yalikuwa kwamba vifo vya watoto vitapungua. Havikupungua kama ilivyotarajiwa. Walipochunguza sababu, waligundua kuwa tatizo halikuwa dawa. Watoto wengi walipewa kidonge, homa ikashuka kidogo, na wazazi wakaona nafuu wakabaki nyumbani. Wengine walifika kituoni lakini hawakupata sindano wala dawa mseto ya kumalizia. Kidonge huua vimelea vingi kwa haraka, lakini hakiwamalizi wote. Waliobaki huongezeka tena.

Kutokana na matokeo hayo, Januari 2022 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zisitishe kupanua matumizi ya dawa hii hadi jambo hilo litazamwe upya, na mwaka 2023 likatoa mwongozo mpya. Ujumbe wake kwa ufupi ni kwamba kidonge hiki kitumike pale tu ambapo safari yote ya mgonjwa imepangwa: kidonge kijijini, usafiri wa kufika kituoni, sindano ya artesuneti kwa muda usiopungua saa 24, kisha dawa mseto ya siku 3 kamili.

Kwa lugha yetu ya kamati, kibebeo cha kwanza cha dawa ni jelatini, na cha pili ni mtumbwi. Cha pili kikikosekana, cha kwanza kimefanya kazi bure.

Chandarua nacho ni kibebeo

Huenda baadhi ya wasomaji watashangaa kuona chandarua katika makala ya vibebeo vya dawa. Lakini chandarua chenye dawa ya muda mrefu ni mojawapo ya vibebeo vya polima vilivyosambaa zaidi nchini mwetu, na ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi joto linavyofanya kazi. Tofauti ni kwamba anayepewa dawa ni mbu.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilikipitisha chandarua cha kwanza cha aina hii, kiitwacho Olyset, kilichobuniwa na kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kukitengeneza hapa hapa Tanzania. Uzi wake ni wa polietilini, plastiki ya jamii ile ile ya madumu yetu ya maji. Plastiki huyeyushwa, huchanganywa na dawa ya permethrini kwa kiasi cha asilimia 2, kisha huvutwa kuwa nyuzi. Kwa hiyo dawa haikupakwa juu. Imo ndani ya uzi.

Sasa, ikiwa imo ndani, mbu anaipataje? Katika joto la kawaida la nyumba zetu, sehemu za minyororo ya polietilini huwa zimelegea na kucheza-cheza, na molekuli ndogo za dawa hupata nafasi ya kupenya katikati yake na kutoka nje polepole. Zikishajaa juu ya uzi, nyingine haziendelei kutoka. Mama akifua chandarua na kuiondoa dawa ya juu, ile ya ndani huanza kutoka tena kujaza pengo. Ni kama vyungu vya Wakisi vinavyouzwa katika soko la Lyulilo pale Matema: maji yamo ndani, lakini chungu hutoa jasho nje, na ukilifuta linatoka jingine.

Joto likiongezeka, minyororo hucheza zaidi na dawa hutoka haraka zaidi. Likipungua, hutoka taratibu. Katika majaribio ya mwanzo watafiti walikipasha chandarua hiki joto la nyuzijoto 60 baada ya kukifua ili dawa irudi juu upesi. Leo maabara zinazopima vyandarua hukiweka chandarua kilichofuliwa katika nyuzijoto 30 na kuhesabu siku inazochukua dawa kurudi juu. Bondeni Kyela jambo hili hutokea haraka kuliko Makete au Tukuyu kwenye baridi, ingawa chandarua ni kile kile.

Vyandarua vya poliesta ni habari tofauti. Minyororo ya poliesta hailegei mpaka joto lifike karibu nyuzijoto 70 na kuendelea, joto ambalo nyumba haliwezi kulifikia. Dawa ikiwekwa ndani ya uzi wa poliesta itafungiwa humo. Kwa sababu hiyo vyandarua vya poliesta hupakwa dawa juu ya uzi pamoja na gundi maalumu inayoiachia kidogo kidogo. Kwa kugusa mkono huwezi kujua mengi, lakini kwa kawaida kile kikavu na kigumu kidogo ni polietilini, na kile laini kama kitambaa ni poliesta.

Ili chandarua kiitwe cha muda mrefu, lazima dawa yake iendelee kuua mbu hata baada ya kufuliwa mara 20 katika maabara na kutumika miaka 3 nyumbani. Katika kampeni ya watoto chini ya miaka 5 na ile ya kaya zote, zilizofanyika kati ya mwaka 2009 na 2011, Tanzania iligawa zaidi ya vyandarua milioni 25. Uchunguzi uliofanyika baadaye katika wilaya 8 nchini, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa muda ambao nusu ya vyandarua ilikuwa bado inafaa kutumika ulikuwa kati ya miaka 2.0 na 2.6 kulingana na aina, si miaka 3. Sababu kubwa ilikuwa kuchanika. Kibebeo kinaweza kuwa na dawa ya kutosha, lakini shimo la ngumi moja linamruhusu mbu kupita bila kuigusa.

Aidha, mbu wengi sasa wamezoea dawa za jamii ya pareto. Katika wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, vyandarua vya aina 4 vililinganishwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka 2, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8 katika vijiji vya chandarua cha kawaida. Vijiji vilivyopewa chandarua chenye dawa ya pili iitwayo klorofenapiri vilikuwa na asilimia 25.6. Chandarua kilichoongezwa PBO, kemikali inayovunja ukaidi wa mbu, kilikuwa na asilimia 40.7, ingawa mwaka wa kwanza kilikuwa kimefanya vizuri zaidi. PBO hutoka kwenye uzi na kupungua kadiri muda unavyokwenda, na vyandarua navyo huchanika. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa nguvu vyandarua vya klorofenapiri mahali ambapo mbu wamekuwa sugu.

Polima mpya za maabara

Wafadhili kadhaa wametuuliza kuhusu habari walizosoma juu ya "polima zenye akili". Hizi ni polima zinazofanya kinyume cha supu ya kongoro. Zikiwa baridi huyeyuka kwenye maji, na zikipata joto huganda au hujikunja.

Mfano unaotajwa sana huitwa kwa kifupi PNIPAM, na tabia yake ilielezwa na watafiti wa Kanada mwaka 1968. Chini ya nyuzijoto 32 minyororo yake hunyooka na kuyakumbatia maji. Ikipita hapo, huyaachia maji na kujikunja. Kwa kuwa 32 iko chini kidogo ya joto la mwili, watafiti wengi wameitumia kujaribu vibebeo vya dawa, lakini kwa sehemu kubwa bado ni kazi ya maabara.

Nyingine huitwa poloksama. Sehemu moja ya mnyororo wake hupenda maji na nyingine huyakimbia. Kwenye ubaridi maji huzunguka mnyororo wote na dawa huwa kimiminika kinachoweza kupita kwenye sindano. Kwenye joto la mwili sehemu zinazoyakimbia maji hukusanyika pamoja, na kimiminika huwa jeli inayokaa mahali pamoja na kuachia dawa taratibu. Desemba 2015 Marekani iliruhusu dawa ya masikio ya watoto iliyotengenezwa hivyo: inaingizwa ikiwa baridi, inaganda ndani ya sikio, na dozi moja inatosha badala ya matone ya siku nyingi.

Ni jambo la kumshukuru Mungu kwa akili aliyowapa wanadamu. Lakini tazameni sharti lake. Dawa ya namna hiyo lazima ikae kwenye friji, kati ya nyuzijoto 2 na 8. Katika zahanati isiyo na umeme wa uhakika itaganda kwenye chupa kabla ya kumfikia mtoto. Kibebeo kinachosikia joto hakijui kutofautisha joto la mwili wa mgonjwa na joto la paa la bati.

Kamati ya usharika ifanye nini?

Tunarudi kwenye swali la yule mama. Dawa zilizoshikamana hazitakiwi kutumika. Ganda likishalainika na kushikamana, hatuwezi kujua kama litapasuka kwa wakati wake, wala kama dawa iliyo ndani bado ina nguvu. Zitengwe, ziandikwe kwenye daftari, na zikabidhiwe kwa mganga mfawidhi wa zahanati ili ziteketezwe kwa utaratibu. Zisitupwe ziwani wala chooni. Kuhusu kosa ni la nani, tulipofuatilia tuligundua kuwa dawa ilitoka salama, ikapanda gari, ikalala siku 4 katika stoo isiyo na dari. Hakuna aliyefanya hila. Hakuna pia aliyeambiwa kwamba boksi lile linasikia joto. Katika hilo hata sisi tulipaswa kusema mapema.

Tunashauri yafuatayo:

1. Somo la kwanza liwe kusoma boksi. Dawa nyingi zimeandikwa "hifadhi chini ya nyuzijoto 30". Maandishi hayo ni sharti.

2. Kila stoo iwe na kipimajoto cha ukutani. Joto liandikwe asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa asubuhi peke yake hudanganya.

3. Dari iwekwe kabla ya rangi. Dari ya mbao au hata ya mikeka, pamoja na matundu ya hewa chini ya paa, hupunguza joto la stoo. Maboksi yasiguse ukuta wala sakafu.

4. Dawa zisiwekwe ndani ya mtungi wa maji ili zipoe. Mtungi hupoza kwa jasho lake kukauka, na katika hewa yetu yenye unyevu mwingi wakati wa masika jasho hilo hukauka polepole. Tena jelatini huogopa unyevu sawa na inavyoogopa joto.

5. Safari ya mtumbwi ifanyike alfajiri, boksi likiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji na chini ya kivuli, si juu ya mizigo.

6. Dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, hata kama ndiyo iliyoingia mwisho.

7. Kidonge cha artesuneti kitolewe na mhudumu aliyefundishwa, kwa kipimo cha uzito au umri wa mtoto. Baada ya kukiweka, makalio ya mtoto yabanwe kwa dakika 10. Kikitoka kabla ya dakika 30, kiwekwe kingine. Kisha safari ianze saa hiyo hiyo, hata kama mtoto ameanza kufumbua macho.

8. Kila kijiji kiwe na mpango wa usafiri ulioandikwa: jina la mwenye mtumbwi au pikipiki, nani atamwamsha usiku, na fedha ya nauli inakaa kwa nani.

9. Chandarua kipya kianikwe kivulini kwa siku moja kabla ya kutumika. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi, kisha kianikwe kivulini. Joto huisaidia dawa kutoka kwenye uzi, lakini miale ya jua huiharibu. Tundu lishonwe siku linapoonekana.

10. Chandarua kisitumike kuvulia usipa. Dawa ile ile inayotoka polepole kwenye uzi itatoka ndani ya maji, nayo ni sumu kali kwa samaki. Mtoto aliyenyang'anywa chandarua hupata hasara mara mbili, kwa malaria na kwa kitoweo.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunajua kuwa ni rahisi kuchangia kitu kinachohesabika. Maboksi 50 ya dawa yanapigwa picha vizuri, dari ya stoo haipigiki. Hata hivyo tunaomba kwa heshima kwamba kila anayetaka kuchangia dawa au vyandarua atuulize kwanza maswali matatu: Kitu hiki kinahifadhiwa kwa nyuzijoto ngapi? Kitapita wapi na kitalala wapi kabla ya kumfikia mgonjwa? Na mgonjwa akishakipata, hatua inayofuata imelipiwa na nani?

Kwa vijiji vya kuelekea Ikombe, kwa mfano, tumeona kuwa nauli ya mtumbwi na akiba ya sindano za artesuneti kwa wagonjwa wanaofikishwa Matema vina uzito sawa na vidonge vyenyewe. Mfadhili atakayelipia kipimajoto, mbao za dari na dumu la mafuta ya injini ya boti asidhani ametoa kidogo. Amelipia nusu ya dawa ambayo haionekani.

Kuhusu vyandarua, tunaomba msinunue na kutuma aina yoyote bila kuwasiliana na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Halmashauri inafahamu ni dawa gani zinaendelea kuua mbu wa eneo lake. Chandarua cha bei nafuu chenye dawa iliyozoeleka kitawaziba watoto macho tu.

Yule mama mzee wa kanisa alituuliza swali la mwisho tulipokuwa tukiagana. Alitaka kujua kama mafuta ya kakao anayoipeleka mnadani kila msimu yanaweza siku moja kurudi kwake yakiwa dawa. Tulimjibu kwamba kwa joto la Kyela siagi ya kakao si kibebeo kinachofaa, lakini alilolijua yeye tangu utotoni, kwamba kitu kigumu kikishikwa kiganjani hulainika, ndilo wanalolifanyia kazi wataalamu duniani. Kamati yake imeshakubaliana kuweka dari. Mbao zimechangwa na waumini, na misumari bado inatafutwa. Tutawaletea taarifa ya joto la stoo hiyo, asubuhi na saa nane mchana, katika toleo lijalo.